Kichwa Kilichobaki Mtutuni

Katika klabu ya walenga shabaha ya Wirrappa, mji mdogo wa wakulima wa ngano, mtu aliweza kuazima karibu kila kitu. Ukisahau baruti, jirani yako wa meza angekusogezea chupa yake bila hata kuinua macho. Ukiishiwa fataki, vile vidude vya kuwashia baruti, ungepewa kisahani kizima na kuambiwa urudishe siku utakayokumbuka. Bev Zadow, mama aliyesimamia uwanja kwa sauti isiyohitaji kipaza sauti, alikuwa akitangaza kwamba hata mume wake yuko tayari kuazimwa, na kwamba hakuna haraka ya kumrudisha. Kitu kimoja tu hakikuguswa na mkono wa mwingine: kipimo cha mtu.

Watu wa klabu ile hawakununua risasi zilizo tayari. Walijitengenezea wenyewe palepale uwanjani, kati ya raundi na raundi, chini ya banda la bati lililojengwa nyuma ya mabenchi ya kupigia. Walisafisha ganda lililokwisha kulipuka, wakalitia fataki mpya, wakamimina baruti, na mwisho wakakikalisha kichwa cha risasi mdomoni mwa ganda kwa kubonyeza mpini wa mashine ndogo ya mkono. Hapo mwisho ndipo ubishi wote ulipokuwa. Kichwa kikizamishwa zaidi ndani ya ganda, huruka nafasi ndogo kabla ya kukutana na mifuo iliyochongwa ndani ya mtutu. Kikiachwa kimechomoza, huiegemea mifuo hiyo tangu komeo la bunduki linapofungwa. Tofauti yenyewe ni unene wa unywele au nywele mbili. Kwa unywele huo mtu aliweza kupiga matundu matano yakalala juu ya tundu moja, au akayatawanya kama kuku waliotishwa. Kwa hiyo kila mmoja aliutafuta unene wake kwa miaka, na alipoupata, alikaza kirungu cha kuzungusha kilicho juu ya chombo chake cha kukalishia, akachora alama kwa wino, na habari ikaishia hapo.

Desmond Kuchel, au Des kama walivyomwita, alilijua jambo hili kuliko wengi. Maisha yake yote alikuwa fundi wa mashine za kuvunia ngano, na hata baada ya kustaafu mikono yake haikuacha kupenda kitu kilichobana sawasawa. Ndiyo maana rafiki yake, Vern Noske, mkulima aliyesoma naye darasa moja na kugombana naye kila wiki tangu hapo, alimwendea yeye na si mwingine wakati mikono ilipoanza kumtetemeka.

Halikuwa tetemeko la kuogopesha. Daktari alisema ni la ukoo. Marehemu baba yake Vern alikuwa akimwaga supu kwa namna hiyohiyo hadi akafikisha umri mkubwa. Tena bunduki za klabu ile hulazwa juu ya mito ya mchanga, na vifyatuo vyake hutaka mguso usiozidi pumzi, kwa hiyo Vern aliendelea kupiga vizuri. Taabu ilikuwa mezani. Baruti ilimwagika, vichwa vilikalishwa upande, fataki zilidondoka majanini.

“Wewe utabonyeza tu,” Vern alimwambia siku walipopatana. “Kumimina, kubonyeza, basi. Lakini kile kirungu pale juu ni changu. Ukikigusa nakukata vidole.”

“Ukinikata vidole utabonyezewa na nani?”

“Na Bev.”

“Bev atakubonyeza wewe.”

Walicheka, na kwa mwaka mzima mapatano yalishika. Vern alikaa pembeni na kikombe chake cha chai, Des akifanya kazi ya watu wawili, na hakuna aliyeona ajabu.

Kisha mtutu wa Vern ukaanza kulika. Ni jambo la kawaida: moto wa baruti hula chuma pale kichwa cha risasi kinapoingilia, na mifuo hurudi nyuma kidogokidogo. Alhamisi moja, siku ya wanachama kufyeka majani na kusafisha uwanja, Des alikipaka kichwa kimoja masizi ya mshumaa, akakikalisha kwa kipimo cha Vern, akafunga komeo na kulifungua. Masizi yalitoka vilevile yalivyoingia, hayakukwaruzwa hata kidogo. Kichwa kilikuwa kikiruka nafasi kubwa mno kabla ya kuifikia mifuo.

“Vern, shingo ya mtutu wako imelika,” alisema. “Unarusha vichwa hewani kabla havijashika chochote. Nikichomoze kidogo?”

“Hapana.”

“Utapoteza.”

“Nitapoteza kwa kipimo changu.”

“Kichwa chako kigumu kuliko cha risasi.”

“Sikia, bwana Kuchel. Mimi napenda risasi inayotoka kama ilivyoingia. Ukikigandamiza kichwa kwenye mifuo, siku moja utaamriwa kufungua komeo kabla hujapiga. Ganda litatoka, kichwa kitabaki. Siku hiyo utanikumbuka.”

“Siku hiyo inakuja mara moja katika miaka kumi.”

“Basi mimi nitaisubiri,” Vern akasema, akaenda kusukuma mashine ya kufyekea.

Jumapili ya mashindano ya msimu, nyanda zote za Mallee ziliamka shwari. Vibendera vya upepo vilining'inia kama nguo zilizoanuliwa nusu. Vern alishuka uwanjani kupanga vya kwake, na Des akabaki peke yake bandani, mbele ya chombo cha rafiki yake chenye kile kirungu na ile alama ya wino.

Alikizungusha.

Mwanzo alikizungusha kidogo tu, kiasi cha kufidia kile kilicholiwa na moto. Na kama angeishia hapo, huenda angeweza kujitetea maisha yake yote. Lakini alikipaka kichwa kingine masizi, akapima, akaona bado hakijagusa. Akazungusha tena. Safari ya tatu masizi yalitoka na alama ndogo za mraba, moja kwa kila mfuo, safi kama alama za meno ya mtoto kwenye sabuni. Des aliufahamu mtutu ule. Alijua una shabaha ambayo mwenyewe hajawahi kuiona. Akakaza, akakalisha vichwa vyote vya raundi ya kwanza, akavipanga kisandukuni. Alijiambia kwamba Vern akishapiga shabaha ya kwanza, atamweleza, nao watacheka.

Karatasi ya shabaha ya kwanza ya Vern ilirudi na tundu moja lenye masikio mawili, risasi zote tano zikiwa zimepita humo. Watu walikuja kuichungulia. Bev aliipima mara mbili, kisha akamtazama Vern kama mtu anayemwona bila kofia kwa mara ya kwanza.

“Noske, umemla nani?”

Vern alikuwa ameinua mikono yake mbele ya uso, vidole vimetandazwa, vikitetemeka waziwazi. Alikuwa akivitazama na kutabasamu.

“Vimezeeka,” alisema, “lakini bado vipo. Des, unaona? Bado vipo!”

Ingekuwaje mtu amwambie wakati ule? Des alirudi mezani, akakalisha vichwa vya raundi ya pili kwa kipimo kilekile. Na vya tatu. Na vya nne. Kila raundi maneno yalizidi kuwa mazito, kwa sababu kila raundi Vern alizidi kunyooka mgongo. Binti yake, Leanne, aliyekuja kuleta keki yenye chenga za siagi na sukari waliyozoea kuila Jumapili, alikaa nyuma ya kamba bila kuikata keki hiyo, kisu mkononi, akimtazama baba yake. Kabla ya shabaha ya mwisho, Vern alikuwa wa kwanza na Des wa pili, na nafasi iliyowatenganisha haikufika unene wa kucha.

Walikaa mabenchi yanayopakana. Bev alipiga filimbi, na bunduki zikaanza kulia. Vern alipiga mbili. Alifunga komeo juu ya ya tatu, akangoja kibendera kitulie. Ndipo kondoo wa jirani, walioona nyasi za uwanjani ni nzuri kuliko za kwao, walipoanza kupita polepole mbele ya mbao za shabaha, wakiongozwa na kondoo mmoja mnene asiye na wasiwasi.

“Acheni kupiga!” Bev alifoka. “Fungueni! Makomeo nje, yote, sasa hivi!”

Bunduki ya Des ilikuwa tupu. Ndiyo kwanza alikuwa amepiga. Alitoa komeo lake na, kabla hajageuka, alikuwa amekwisha kujua atakachokiona.

Vern alifungua komeo kama alivyoamriwa. Ganda likatoka. Kichwa kikabaki ndani ya mtutu. Baruti yote ikamwagika ndani ya bunduki, ikashuka kwenye tundu la kifyatuo na sauti ndogo, kama mchele unaomiminwa kwenye sufuria kavu.

Vern aliliokota. Alishika ganda tupu mbele ya macho yake. Kondoo walifukuzwa kwa kelele na vicheko, mtu mmoja akimpigia simu mwenye nao na kumwuliza kama anauza kwa kilo. Vern alikisukuma kichwa kile kwa ufito wa kusafishia kutokea mdomo wa mtutu, akakipata. Lakini kifyatuo kilikuwa kimejaa punje, hakikushika tena, na Bev aliporudisha muda, benchi lake lilikaa kimya. Des alikuwa na risasi tatu. Alizipiga. Zote tatu zilikwenda alikotaka.

Bandani, Vern aliinama juu ya chombo chake cha kukalishia. Alitazama kirungu, akatazama alama ya wino, akapeleka kidole kwenye nafasi iliyokuwa baina ya hivyo viwili.

“Kimezunguka,” alisema.

Des alikuwa amesimama karibu kiasi cha kusikia pumzi yake.

“Nimekizungusha mimi,” Vern akaendelea, polepole, kama anayesoma maandishi ya mbali. “Asubuhi, nilipokuwa nakitoa kwenye sanduku. Mikono hii. Sikumbuki kabisa. Lakini nani mwingine? Ni mimi, sivyo, Des?”

Hapo palikuwa na mlango wazi, mpana, na mtu angeweza kuupita bila kuinama. Nyuma yao Bev alikuwa akilitaja jina la Kuchel kwa sauti kubwa, na watu walikuwa wakipiga makofi.

“Labda,” Des alisema.

Kisha akaenda kupeana mikono na watu.

Wiki zilizofuata, Des aligundua kwamba neno moja linaweza kuwa na sauti nyingi. Lilimjia katika mlio wa jokofu. Lilimjia katika kibiriti alichokuwa akikiwasha chini ya birika. Ngao ya mbao ya ushindi aliiweka juu ya kabati, uso wake ukielekea ukutani, akamweleza mkewe kwamba jua linaichakaza. Alikuwa na hoja zake, na alizipanga vizuri, maana alikuwa mtu wa mpangilio: alikusudia mema, kipimo kile kilikuwa bora, shabaha nne zilithibitisha, kondoo si wake. Hoja zilisimama wima zote mpaka zilipofika kwenye lile neno, na hapo zikalala.

Tena kulikuwa na jambo jingine, la chini zaidi, ambalo hakulipanga popote. Baruti ilipomwagika, kabla hajauona uso wa Vern, kitu fulani kifuani mwake kilikuwa kimeruka kwa furaha.

Alhamisi ya kufyeka, Vern hakuja. Alhamisi iliyofuata vilevile. Mtu alipouliza, Des alijibu kwamba ngano inakaribia kukomaa, mkulima ana shughuli. Alilisema hilo bila kutulia, akikata majani mahali palipokwisha kukatwa.

Leanne ndiye aliyemfuata, mchana, karakanani kwake. Alikuwa amevaa buti za shamba, na hakukaa.

“Anko Des, baba amekuambia chochote?”

“Kuhusu nini?”

“Kuhusu kichwa chake.” Alijigusa paji la uso. “Anaamka anakagua jiko la gesi. Anarudi, analala, anaamka tena. Funguo za lori amenipa mimi. Jana amemwambia mpwa wake aendeshe mashine ya kuvunia mwaka huu. Baba! Unamjua, hajawahi kumpa mtu kiti kile hata akiwa na homa. Nikamwuliza, kulikoni? Akasema, ‘Kama nilizungusha kitu kwa mkono wangu na sina habari, nitajuaje mengine ninayoyafanya?’”

Des aliweka chini bisibisi aliyokuwa ameishika.

“Nimemtafutia daktari wa mambo ya kumbukumbu, kule mjini,” Leanne aliendelea. “Ameniomba mwenyewe. Na leseni ya bunduki anairudisha. Anasema mtu asiyejua mikono yake imefanya nini hana haki ya kushika silaha. Ni kweli, sivyo? Siwezi hata kumbishia.” Alisogea mlangoni. “Anataka uje uchukue vyombo vyake. Amesema wewe ndiye unayevijua. Njoo Jumapili baada ya kanisa, tafadhali. Na usimtanie sana, Anko. Siku hizi hacheki.”

“Leanne,” Des akaita.

“Naam?”

Des aliyatazama macho yake, mekundu kama ya mtu aliyelala vibaya.

“Nitakuja,” alisema.

Jumapili hiyo kanisani alikaa safu ya nyuma, na nyimbo hakuziimba. Alikwenda kwa Noske kwa gari dogo, dirisha wazi, ngano pande zote mbili ikiwa imeanza kugeuka rangi. Alikuwa ametunga maneno. Alikuwa ameyatunga kwa utaratibu, yakianza na mtutu uliolika, yakipita kwenye masizi, yakifika kwa upole kwenye kosa. Aliyarudia hadi getini.

Vern alikuwa jikoni. Juu ya meza alikuwa ametandaza kitambaa safi, na juu ya kitambaa vyombo vyake vyote: mashine ya mkono, mizani, brashi, visanduku vya maganda yaliyong'arishwa, na chombo cha kukalishia, kirungu kikiwa bado pale kilipokuwa siku ile. Vilikuwa vimepangwa kwa mstari, kama vitu vya marehemu vinavyosubiri wenye kuvirithi. Leanne alikuwa akiosha vikombe dirishani.

“Kaa,” Vern alisema. “Chukua vyote. Hicho cha kukalishia usikibadilishe kwanza, kisafishe. Sikukigusa tena. Niliogopa.” Alicheka bila furaha. “Nimekiogopa chombo, Des. Nimefika huko.”

Maneno yote aliyoyatunga Des yalimpotea. Hakukaa.

“Ni mimi niliyekizungusha.”

Maji ya bomba yaliendelea kutiririka.

“Nini?”

“Jumapili ile. Ulipokwenda kupanga vibendera. Nilikizungusha mimi, nikakichomoza hadi kikashika mifuo, na sikukwambia. Hukukigusa. Hukusahau kitu. Uliponiuliza nikasema labda, na nilikuwa najua.”

Leanne alifunga bomba.

Vern alimgeukia rafiki yake. Kisha uso wake ukaanza kufanya jambo ambalo Des hakulitarajia: ulilegea, ukajikunja, na machozi yakashuka bila yeye kuyapangusa.

“Sikukizungusha,” alisema.

“Hapana.”

“Leanne! Umesikia? Sikukizungusha! Kichwa changu kizima!” Alijipiga paji la uso kwa kiganja, mara mbili, kama anayepiga tikiti kuona kama limeiva. “Kizima, mama! Mwambie yule kijana ashuke kwenye mashine yangu kabla hajaivunja!”

Leanne alimkumbatia kwa mikono yenye povu. Juu ya bega la baba yake alimtazama Des, na macho yale Des hakuweza kuyastahimili. Akatazama kitambaa cha mezani.

Furaha ilipungua. Vern alijipangusa uso kwa mkono wa shati, akaketi.

“Sasa niambie,” alisema. “Ulitaka nishinde, au ulitaka nishindwe?”

“Nilipokizungusha nilitaka ushinde. Nilitaka uone mtutu wako unavyoweza.” Des alikitazama kirungu. “Nilitaka ushinde kwa kazi yangu. Na baruti ilipomwagika nilifurahi. Kidogo. Kabla sijakuona.”

“Ulifurahi.”

“Ndiyo.”

“Hilo naliweza,” Vern alisema, baada ya kufikiri. “Ningekuwa mimi ningefurahi pia. Mimi ningefurahi hata zaidi, wewe ukishinda unakuwa na uso wa askofu. Na hilo la kugusa kipimo changu, ningekutukana msimu mmoja likaisha.” Aliinua kidole, kikitetemeka, akakielekeza kifuani mwa Des. “Lakini nilikuuliza. Nilikuuliza wewe, si mwingine, kwa sababu nilijua hutanidanganya. Ukanijibu. Na mimi nikaja hapa, nikaanza kujitafuta kichwani mwangu mwenyewe, usiku na mchana, nikiokota kila kitu na kukikagua kama kimeoza. Ulikuwa unajua niko wapi, Des. Ni mwendo mdogo tu kwa gari.”

“Najua.”

“Mbona hukuja?”

Des alishika mgongo wa kiti ambacho hakukikalia.

“Niliona haya,” alisema.

“Basi nenda nayo,” Vern akamwambia, bila kupandisha sauti. “Vyombo viache. Na siku ya mashindano yajayo utawaambia watu, maana huko nyuma yangu wote wananiona nimechanganyikiwa. Utasema wewe mwenyewe. Mimi sitakusaidia.”

Alisema. Siku hiyo Des alisimama wakati wa chai, ngao ya mbao mikononi, akaeleza mwanzo hadi mwisho, na lile neno “labda” alilitamka. Watu waliacha kutafuna. Bev, aliyeshika soseji kavu kwa uma, aliishusha taratibu kwenye sahani.

“Kuchel,” alisema, “ulifanya makusudi?”

“Kuzungusha, ndiyo. Mengine, Bev, kila siku najiuliza, na kila siku napata jibu tofauti.”

“Mimi nilidhani wewe ndiye mtu mmoja hapa ambaye ningemwachia sanduku langu wazi.”

Ngao aliirudisha mezani. Kanuni hazikuruhusu apewe Vern, ambaye hakumaliza shabaha zake, na aliyekuwa wa tatu aliikataa akisema hataki ngao yenye harufu. Ikabaki pale kati ya sukari na maziwa, hakuna aliyejua aiweke wapi.

Hakuna aliyemtukana. Jambo lenyewe lilikuwa dogo zaidi, na kwa Des kubwa zaidi: alipopita kati ya meza kurudi kwenye nafasi yake, mtu mmoja aliinua mkono na kufunga kifuniko cha sanduku lake. Kisha mwingine. Walifanya hivyo bila kumtazama, kama watu wanaofunika chakula kwa sababu ya nzi, na baadhi yao walikuwa wametengenezewa mashine zao na yeye, bure, kwa miaka.

Vern alikuwa meza ya pembeni. Hakumwita mtu ambonyezee. Bev alijitolea, Vern akamkatalia kwa mzaha uliomfanya mama huyo acheke hadi akakohoa. Vern alikuwa ameurudisha unywele wake ulipokuwa, ameukaza, amechora alama mpya. Sasa alikuwa akimimina baruti peke yake. Mkono ulitetemeka, punje zikaruka, zikatapakaa mezani. Alizikusanya kwa brashi, akaanza upya. Zikamwagika tena.

Des aliketi hatua chache tu kutoka pale. Kila mshipa wa mikono yake ulijua jinsi ya kuishika faneli ile ya kumiminia baruti. Bila kukusudia aliegemea mbele, kiti kikalia.

“Kaa,” Vern alisema, akiwa bado amempa mgongo.

Des akakaa. Alitia mikono yake katikati ya magoti, akaibana. Ilimchukua Vern raundi nzima kutengeneza risasi tano, na alipokwenda benchini, upepo ulikuwa umeshageuka. Shabaha yake ilirudi na matundu matano yaliyotawanyika, kila moja na makao yake. Aliishika juu ili watu wote waione, akaitangaza kuwa mbaya kuliko zote alizowahi kupiga, akauliza nani ana chai ya moto, kisha akaketi tena mezani na kuanza kufungua chupa ya baruti. Des alibaki amekaa, akimtazama akimwaga.